Ndoo ya Maji Kwenye Sakafu ya Gereji

Kosa langu la mwanzo katika kazi ya ujenzi lilikuwa kuwasaidia watu bila kuwaambia. Mtu akiniagiza dirisha dogo, nami nikaona chumba kitakuwa na giza, nilimwongezea upana wa kiganja nikanyamaza. Mwingine akitaka kizingiti kifupi, nilikinyanyua kidogo, kwa sababu nilijua siku za masika atanishukuru. Nilidhani huo ndio ufundi: kujua zaidi ya mwenye nyumba, kisha kumwachia aigundue raha yake mwenyewe. Hakuna aliyewahi kulalamika. Kwa hiyo kosa lilikua pamoja nami, likapata nguvu, mpaka nilipojenga gereji ya Singasinga.

Sikufundishwa ujenzi na mtu. Nilijifunza kwa kusimama pembeni pale mafundi wa misheni walipokuwa wanaongeza chumba cha darasa, nikaenda nyumbani nikajaribu kwenye banda la kuku. Kuku wetu walihamishwa mara nyingi kuliko walivyostahili. Mtu aliyejifunza peke yake ana ugonjwa mmoja: hajui lini kazi imekwisha, maana hayupo wa kumwambia inatosha. Nilikuwa naweza kubomoa ukuta mzima kwa sababu ya tofali moja lililotokeza kama jino. Nilipokula nilikuwa naiangalia meza kama imekaa sawa. Mama alisema nimezaliwa na macho ya mkwe.

Singasinga mwenyewe alikuwa na kiwanda cha kupasulia mbao upande wa Uyole, na malori mawili ya kubebea magogo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, kilemba chake hakikuwahi kukosa unga wa mbao. Kiswahili alikijua vizuri, maana alizaliwa nchini. Mali yake ilikuwa malori, lakini moyo wake ulikuwa kwenye gari moja dogo, la chini, lisilo na paa wala milango, alilokuwa ameliunga mwenyewe kutokana na magari yaliyokufa. Ukilitazama kwa mbali ungedhani ni beseni lenye magurudumu. Gari hilo halikubeba mzigo. Halikupeleka mtu sokoni. Alilisafirisha juu ya lori mpaka Iringa, kwenye uwanja wa zamani wa ndege, akashindana na wenzake kulizungusha.

Nilijaribu kumweleza mama.

"Anakwenda wapi nalo?"

"Haendi popote, Mama. Anazunguka."

"Anazunguka nini?"

"Mapipa. Wanapanga mapipa, wanayazunguka mbio, halafu wanarudi pale pale walipoanzia."

Mama alifikiri sana, mkono shavuni. "Wamepoteza nini kwenye hayo mapipa?"

Nikiri hapa kwamba mpaka leo sijui.

Singasinga aliniita baada ya kuona mlango niliowatengenezea majirani zake. Alitaka gereji nyuma ya nyumba yake, yaani nyumba ya lile gari na karakana yake pamoja. Siku ya kwanza alinitembeza kwenye kiwanja, kilichokuwa kwenye mteremko kama viwanja vyote vya kwetu, akawa anaonyesha kwa vidole vitu ambavyo bado havikuwepo. Hapa meza ya kazi, ndefu, ya mninga. Hapa jiriwa ya kubania vyuma. Juu hapa boriti nene ya kuning'iniza mnyororo wa kunyanyulia injini. Ukuta wa ndani upakwe chokaa nyeupe ili mwanga usipotee. Kila spana iwe na msumari wake.

"Na sakafu," alisema, "nataka bapa. Bapa kama maji ndani ya sinia. Sakafu ndiyo gereji yenyewe, hayo mengine ni mapambo. Umenisikia, kijana?"

"Nimesikia, Bwana."

Nilisikia, lakini sikuelewa. Nilikubali kila kitu kwa kichwa, na kila nilichokubali kilinichanganya zaidi. Kwa nini injini inyanyuliwe wakati inafanya kazi ikiwa pale pale? Kwa nini gari lililokimbia jana livuliwe magurudumu leo? Usiku nilijiuliza, mchana nikajenga. Ukuta ulipanda vizuri. Misumari ya spana niliipanga kwa ukubwa, nikachora kwa rangi umbo la kila spana ukutani, ili ikichukuliwa ibaki kivuli chake. Singasinga alipoviona vile vivuli alicheka mpaka akakaa chini. Alimwita fundi wake wa magari aje ashuhudie.

Fundi huyo alikuwa Mhehe wa Iringa, mtu mzima kwangu, mwenye mdomo usiopumzika. Aliishi kiwandani na kurudi kwao kila alipopata lori.

"Mdogo wangu," aliniambia, "sasa mimi nikichelewa kurudisha spana, ukuta utanisemea kwa bosi?"

"Ndiyo, kaka."

"Nyie watu wa ndizi ni wabaya sana," alisema, akilitania kabila letu.

Halafu nikafika kwenye sakafu.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Nyumbani kwetu nyumba mpya haiingiwi kabla sakafu haijapimwa kwa ndoo ya maji. Mama wa fundi, au shangazi yake, huja na ndoo, humwaga maji kwenye pembe ya juu, na watu husimama kutazama. Maji yakitoka yenyewe kwa tundu la upande wa bonde, wanawake hupiga vigelegele na fundi hupewa chakula. Maji yakituama, hata kama ni kidimbwi cha kutosha ndege kunywa, husema nyumba ina kikohozi, na jina la fundi linakwenda kisimani na kurudi limechafuka. Sisi tunaishi na mvua. Sakafu isiyojua kutoa maji kwetu si sakafu.

Nilimwonea huruma Singasinga. Niliona: mtu mwema, ana akili ya mashine, lakini ya mvua hana. Bapa kama maji ndani ya sinia! Basi nikamsaidia. Nilivuta nyuzi, nikaweka sakafu bapa kwa urefu, kutoka mlangoni mpaka ukuta wa nyuma, lakini kwa upana nikailaza kidogo kuelekea kushoto, upande wa bonde, ambako niliacha tundu dogo chini ya ukuta. Kidogo sana. Jicho lisingeona. Niliisugua kwa mwiko siku nzima, nikiwa juu ya ubao, nikirudi nyuma kama kaa, na ilipokauka ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza.

Singasinga akiwa msituni kwenye magogo, mama alikuja na ndoo yake. Maji yalikwenda moja kwa moja kwenye tundu, bila kupotea njia. Mama alipiga kigelegele kimoja, kifupi, kwa sababu tulikuwa uani kwa watu.

"Ndaga fijo, mwanangu," alisema. Ni asante kubwa ya kwetu, na kwangu ilikuwa malipo.

Singasinga aliporudi alilaza pimamaji yake sakafuni. Aliilaza mara moja, kwa urefu, kuelekea mlangoni. Tone la hewa likasimama katikati. Nilibana pumzi nikisubiri aigeuze upande, lakini alikuwa ameshainuka, anacheka, ananishika bega. Nakumbuka nilipumua kwa nguvu. Nakumbuka pia nilijiuliza: kama ninamfanyia wema, kwa nini nimeogopa? Swali hilo nililiona likipita, nikaliacha lipite.

Gari likaingia kwenye nyumba yake mpya, na kuanzia hapo likaanza kuumwa.

Zamani Singasinga alikuwa analitengenezea barazani kwa kiwanda, kwenye saruji ya zamani iliyopasuka, kukiwa na unga wa mbao kila mahali. Siku zile lilikwenda wima kama mshale. Sasa likiwa na gereji safi yenye chokaa, alipolitoa kwenye barabara ya Uyole lilimvuta kulia. Si sana. Lakini ilikuwa lazima aushike usukani kama mtu anayemzuia ng'ombe asiingie shambani. Alirudi, akabadilisha matairi. Likavuta. Akakagua springi, akapima tena magurudumu, akaongeza na kupunguza vipande vyembamba vya bati kwenye mikono inayoyashika. Likavuta zaidi. Kadiri alivyolirekebisha ndani ndivyo lilivyoharibika nje.

"Mimi nawaambia," yule fundi Mhehe alisema, akiwa amelala chini yake, miguu tu ikionekana, "kabla ya kupata nyumba lilikuwa zima. Limeoa gereji, sasa linaumwa kila siku. Ndoa hizi!"

Tukacheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote, na sikuelewa kitu.

Siku za mashindano zilikaribia. Singasinga aliniambia nipande nao lori mpaka Iringa, kwa sababu shemeji yake wa kule alikuwa anataka karakana kubwa ya malori, na Singasinga alikuwa amemtajia kijana mmoja wa Mbeya asiyekosea. Nilifunga shati langu jeupe kwenye gazeti. Njia nzima, toka Igawa mpaka Makambako, vumbi likituzika juu ya mzigo, nilikuwa najenga karakana ya shemeji kichwani mwangu. Nilikuwa nimeshafika kwenye mlango wake, napanga bawaba.

Tulifika asubuhi ya pili. Iringa kulikuwa na baridi kavu, tofauti na ya kwetu inayolowanisha nguo. "Kamwene!" fundi Mhehe alimsalimu kila aliyepita, akanenepa ghafla kwa kuwa yuko kwao. Uwanja ulikuwa nyasi na changarawe, mapipa yamepakwa chokaa, watu wamekaa juu ya malori, mama mmoja anauza maandazi. Nilitembea na Singasinga kwa miguu kufuata njia ya magari. Mahali pengi palikuwa wazi, mtu akikosea ataingia tu kwenye nyasi. Lakini kona ya mwisho, upande wa kulia, njia ilipita karibu na korongo lililochimbwa na maji, lenye mawe chini.

"Hapa," alisema, "mtu haongei na gari. Gari lazima liwe limeshakusikia."

Nikatazama mawe. Nikakumbuka kwamba gari lake linavuta kulia.

Tulirudi kwenye ghala la zamani la uwanja, lililobaki sakafu na kuta mbili, ambako magari yalikuwa yamewekwa. Gari letu likasukumwa juu ya ile saruji. Fundi Mhehe alitoa timazi mfukoni, uzi wenye risasi nchani, akauning'iniza kando ya gurudumu la mbele.

Timazi! Hicho ni chombo changu. Nilikuwa nimeshinda nacho kwenye kuta maisha yangu yote. Kule Mbeya walipokuwa wanapima magurudumu mimi nilikuwa humo humo ndani nikisugua, nikipanga, nikiondoa alama za vidole kwenye chokaa, na kamwe sikuinama kuona wanapima kwa kifaa gani.

"Bosi," alisema, "limelala."

"Haiwezekani. Nimelipima juzi nyumbani."

"Njoo uone. Yote mawili yamelalia kulia, kama walevi wa ulanzi wanaorudi pamoja."

Singasinga akapiga magoti, akatazama, akatazama tena. Nilimwona akichanganyikiwa, na ilikuwa kama kujiona mwenyewe kwenye kioo. Kule uzi ulisema wima. Hapa uzi unasema yamelala. Uzi haudanganyi. Nani basi?

"Basi ni hapa pameinama," alisema mwishoni, akainuka na kujipangusa magoti. "Sakafu hii ilijengwa na askari wakati wa vita, walikuwa wanataka kurudi kwao. Ile yangu imejengwa na huyu." Akanionyesha kwa shemeji yake, aliyekuwa amesimama na mwavuli. "Unamwona? Anasugua mlango mpaka mbao inaomba msamaha. Acheni magurudumu yalivyo."

Watu walinitazama kwa heshima.

Sijui namna ya kueleza kilichonipata. Ukuta ukijengwa wima unabaki wima, sakafu iwe vyovyote. Lakini gurudumu limesimama juu ya sakafu. Ukilifanya wima juu ya sakafu iliyolala kushoto, ukilitoa na kuliweka mahali bapa litalalia kulia. Ni jambo ambalo ningemweleza kuku wangu. Na mimi niliyelaza sakafu nilikuwa nimezunguka gari hilo wiki nzima nikicheka mzaha wa ndoa. Sasa mtu alikuwa anakwenda kwenye mawe akiwa amelitegemea jina langu. Kama ningekuwa fundi mbaya angekuwa salama. Angetilia shaka sakafu yangu.

Nilichukua debe la maji ya kumwagia gari, nikaenda katikati ya ile sakafu ya askari, nikamwaga.

"Wewe!" shemeji akaruka kuokoa viatu vyake.

Maji yalitanuka, yakawa duara kama chapati, yakasimama. Hayakuwa na pa kwenda. Sote tuliyatazama.

"Yamekaa," fundi Mhehe alisema.

"Ya kule hayakai, Bwana," nilisema. "Ya kule yanakimbilia tundu la ukutani. Upande wa kushoto."

Singasinga aliyatazama maji, akanitazama mimi. "Nilikuambia bapa."

"Ndiyo, Bwana."

"Ukasikia."

"Nilisikia."

"Halafu?"

"Nikaona... mvua zetu huzijui."

Fundi Mhehe alianza kucheka, akaona uso wa bosi wake, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Kijana," Singasinga alisema polepole, kama mtu anayeuliza njia, "gereji ina paa. Mvua inaingia kwa mlango gani?"

Haikuwa imenijia hata mara moja. Kwetu sakafu hutoa maji, na mimi niliifundisha sakafu kutoa maji, na sikuuliza ni maji gani.

Hakunipiga wala hakunitukana, na hilo lilinichanganya kuliko lingine lolote. Alivua koti, akalala chini. "Lete jeki. Kaka yako atakaza, wewe shika uzi."

"Huyu anatetemeka, bosi," fundi alisema.

"Anatetemeka kwa kila kitu. Kwa uzi hatetemeki."

Ilikuwa kweli. Nilishika timazi kando ya kila gurudumu, mkono wangu umetulia kana kwamba ni wa mtu mwingine, nao wakatoa vipande vya bati na kurudisha vingine, wakigombana, fundi akiwalaani watu wa ndizi kwa jumla, huku wenzetu wakiwa wameshawasha magari. Tuliusukuma ule mkokoteni wa mashaka mpaka kwenye mstari, wa mwisho kufika.

Mashindano yenyewe siwezi kuyasimulia. Ilikuwa vumbi na kelele. Nilisimama mahali ninapoweza kuiona kona ya korongo, na kila kilemba kilipotokeza vumbini nilitazama magurudumu tu. Yalisimama wima. Yakapita, yakarudi, yakapita. Hakushinda, kulikuwa na magari ya nguvu kuliko lake. Alipozima injini uso wake ulikuwa mwekundu kwa vumbi isipokuwa pale palipokuwa na miwani.

"Linasikia," alisema.

Shemeji alimpa karakana fundi mwingine, mtu mzima wa pale pale Iringa. Sikumlaumu. Nilirudi Mbeya juu ya lori, shati langu jeupe likiwa bado kwenye gazeti lake.

Ile sakafu niliivunja mwenyewe kwa nyundo. Inauma kuvunja kitu kizuri. Niliiweka upya, nikalaza pimamaji kwa urefu, kwa upana, na kutoka pembe hadi pembe, Singasinga akiwa amesimama mlangoni, mara hii akitazama. Tundu la ukutani nililiziba kwa tofali.

Mama alikuja na ndoo yake, kwa sababu sakafu ni sakafu. Alimwaga maji pembeni kabla sijamzuia. Yakatembea kidogo, yakachoka, yakakaa.

Mama akashika kinywa. "Mwanangu, umeharibu!"

"Ndivyo anavyotaka mwenyewe, Mama."

"Anataka kikohozi?"

"Nakitaka, Mama," Singasinga alisema nyuma yetu, kwa heshima.

Mama alimtazama kuanzia kilemba mpaka viatu. "Na nani atayakausha?"

Singasinga alichukua gunia kuukuu kwenye msumari wake, ambao nao ulikuwa na kivuli chake ukutani, akainama, akaanza kukausha. Mama hakupiga kigelegele. Lakini alishika upande wa pili wa gunia, akamwonyesha namna ya kulikamua.

Tangu hapo, kabla sijachimba msingi, namuuliza mwenye kazi ni kitu gani kitasimama juu ya sakafu. Nikiona amekosea namwambia kwa mdomo. Akikataa, najenga kama alivyosema.